Umri Usiosomeka Kwenye Dashibodi

Mtu akimaliza kumwaga oili kwenye gereji yoyote ya Dar es Salaam, hukabidhiwa kikadi au hubandikiwa kikaratasi pembeni ya kioo. Kina namba mbili: kilomita za leo na kilomita za kurudi. Tofauti yake aghalabu ni 5,000, na hakuna anayeuliza kwa nini. Wala fundi haulizi gari linaishi maisha gani, kama linashinda chini ya mwembe likisubiri ibada ya Jumapili, kama linatoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku, au kama kazi yake ni kwenda Dodoma na kurudi mara mbili kwa mwezi.

Hesabu ndogo inatosha kuitia shaka hiyo 5,000. Tuseme gari la mjini hutambaa kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao anayeijua Barabara ya Mandela jioni hatauona kuwa ni matusi. Hadi litimize kilomita 5,000, injini yake itakuwa imenguruma kwa saa 333. Gari la safari ndefu hukimbia kwa wastani wa kilomita 75 kwa saa. Kilomita zilezile hulichukua saa 67 tu. Dashibodi zinasoma sawa na vikadi vinasema sawa, lakini oili ya gari la mjini imepikwa mara tano zaidi. Tena imepikwa vibaya: kwenye foleni rejeta haina upepo ila wa feni, kiyoyozi kinaongeza mzigo, na injini inazunguka polepole huku joto likipanda.

Watengenezaji walilijua hilo zamani. Vitabu vyao vya matunzo huwa na ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu. Ugumu wenyewe umetajwa bila kificho: barabara za vumbi, safari fupi za kurudiarudia, kusimama muda mrefu injini ikiwaka, kubeba mzigo mzito, kuvuta tela. Msomaji wa Tabora au Kitui akiupitia mstari huo ataona wameandika wiki yake. Kinachoitwa matumizi magumu katika kitabu ndiyo kawaida yake, na ile kawaida ya kitabu ni ya watu wa mahali pengine, wenye lami hadi mlangoni.

Gari linalofaa kufikiriwa hapa ni RAV4, kwa sababu limeenea na kwa sababu historia yake inajulikana. Toyota iliitoa Japani Mei 1994 ikiwa na milango mitatu. Ya milango mitano ikafuata mwaka uliofuata. Injini yake maarufu, 3S-FE ya lita 2, ilitumia mkanda wa taimingi. Kizazi cha pili kikaja Mei 2000 na injini za familia ya AZ, zenye cheni badala ya mkanda, kikaendelea hadi 2005. Kwa hiyo hata lililo changa kuliko yote katika kizazi hicho limeshatimiza miaka 20. Bado yako barabarani kwa wingi, yamebeba wakuu wa shule, wauguzi, wachungaji na magunia ya mchele kutoka shamba, na mengi yamebadilisha mikono mara tatu au nne tangu yashuke melini.

Sheria za nchi nazo zina mkono katika umri huo. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Uganda, kwa sheria ya 2018, ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na kuendelea. Tanzania haikufunga, huongeza tu ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyopita miaka 8, na mnunuzi anayepiga hesabu mara nyingi huona ni heri kulipa uchakavu kuliko kununua gari jipya zaidi. Basi gari linaloanza maisha Tanzania kwa kawaida limeshaishi maisha mengine kamili, na yule anayelipokea bandarini hulihesabu kuwa lina siku moja.

Hayo maisha ya kwanza, ajabu ni kwamba yameandikwa.

Nchini Japani gari la binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima linapofikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Zaidi ya ukaguzi huo wa serikali, sheria inamtaka mwenye gari afanye uchunguzi wa miezi 12 na wa miezi 24, na matokeo yaandikwe kwenye daftari la matunzo linalokaa ndani ya gari. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15. Mzigo wa gharama hizo ndio mojawapo ya sababu za gari zima, lisilo na kosa, kuuzwa mnadani na kupakiwa melini. Kwenye mnada hupewa karatasi yenye alama: 4 kwa lililotunzwa vizuri, 3.5 kwa lenye mikwaruzo ya kawaida, R kwa lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hizo huwa pia na sehemu ya kuonyesha kama daftari la matunzo lipo au limepotea. Wanunuzi wa kule hulipia daftari.

Huku, daftari hilo likifika salama kwenye droo ya dashibodi, hutupwa pamoja na kitabu cha redio, kwa kuwa limeandikwa Kijapani. Hapo zamani mtu aliweza kusamehewa. Siku hizi simu yenye kamera huyatafsiri maandishi hayo papo hapo, na kinachobaki ni kuielewa miaka, maana Wajapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme. Mwaka wa Heisei ukiongezewa 1988 unatoa mwaka wa kawaida: Heisei 15 ni 2003. Enzi ya Reiwa, iliyoanza Mei 2019, huongezewa 2018. Kwa hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, mwenye gari wa Morogoro anaweza kujua ni lini boksi la gia lilibadilishwa oili mara ya mwisho, jambo ambalo mwenzake atalikisia mpaka gari life.

Kuna na faida nyingine, ya kipolisi kidogo. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma. Ni biashara kongwe na kila fundi wa umeme wa magari anawajua wanaoifanya. Lakini ukurasa wa Heisei 24 unaosema kilomita 118,000 hauwezi kupatana na dashibodi inayoonyesha 79,000 leo. Vivyo hivyo kikaratasi kinachobandikwa chini ya boneti mkanda wa taimingi unapobadilishwa, chenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Vijana wa kuosha magari hukisugua kwa sabuni na mswaki hadi king'oke ili injini ipendeze. Sijui kama kuna usafi wenye hasara zaidi ya huo.

Mkanda wenyewe ni mfano mzuri wa ratiba inavyofikiri. Kwa 3S-FE kiwango cha Japani ni kilomita 100,000. Injini hiyo ina huruma: mkanda ukikatika, valvu hazigongani na pistoni, gari huzima tu. Mwenyewe huvutwa kwa kamba hadi gereji, mkanda mpya unafungwa, maisha yanaendelea. Huruma hiyo imewafundisha watu wengi somo baya, wakalihamishia kwenye injini ambazo hazina huruma, ambako mkanda ukikatika hedi nzima hufunguliwa na valvu zilizopinda hutolewa moja moja. Jambo la pili ni pampu ya maji. Katika 3S-FE pampu hiyo huzungushwa na mkanda huohuo, na kuifikia ni lazima mkanda utolewe. Busara ya gereji, na ni busara ya kweli, ni kubadili pampu, beringi za mkanda na oili sili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kinacholipiwa zaidi ni kazi ya kufungua. Anayekataa kununua pampu leo akidhani anaokoa fedha, huja kulipia kazi ileile mara mbili.

Cheni ilipokuja, wengi walishusha pumzi. Cheni haibadilishwi, ndivyo inavyosemwa vijiweni. Ni kweli kwamba haina tarehe yake kwenye ratiba kama mkanda. Lakini kinachoikaza cheni ni tenshena inayosukumwa na shinikizo la oili, na kinachoilainisha ni oili hiyohiyo. Mfumo wa VVT-i, unaobadili nyakati za valvu, nao unatumia oili inayopita kwenye chujio dogo na vijia vyembamba. Kwa hiyo ule mstari wa kilomita 100,000 haukufutwa. Uliingizwa ndani ya mstari wa oili. Mwenye 3S-FE aliyechelewesha oili alikuwa akiiumiza injini peke yake. Mwenye 1AZ anayechelewesha oili anaumiza pia cheni, tenshena na VVT-i, na hataambiwa mpaka asubuhi moja injini iwake kwa kelele kama debe la misumari.

Hapo ndipo unapoingia ugomvi wa oili nzito. Injini ikianza kulia au kuvuja, mafundi wengi hushauri 20W-50, au hata oili moja nzito ya mwaka mzima. Vitabu vya injini za zamani viliruhusu oili nzito zaidi kwenye nchi za joto, na kwa injini iliyochakaa sana ushauri huo una mantiki. Kwa injini ya AZ iliyo hai, yenye vijia vilivyochongwa kwa ajili ya 5W-30, oili nzito hunyamazisha dalili tu. Kelele hupungua, mwenye gari hufurahi, tenshena husubiri oili ifike kila asubuhi. Heri kelele inayosikika, mtu akajua pa kuanzia.

Yote hayo ni ya kilomita na saa za kunguruma. Umri wa tatu wa gari ni wa kalenda, na huo ndio unaoua magari ya watu waangalifu.

Lile gari la chini ya mwembe hutembea, tuseme, kilomita 3,000 kwa mwaka. Mwenyewe hujivuna nalo. Likifuata ratiba ya kilomita peke yake, kazi ya kilomita 40,000 itafika baada ya miaka 13. Katika muda huo mafuta ya breki yatakuwa yamekunywa unyevu wa pwani bila kutembea hata hatua moja. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Tofauti ya nyuzi 65 haisikiki kwenda kanisani. Husikika kwenye mteremko wa Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, gari likiwa na watu watano na mizigo, nyuma ya lori linaloshuka kwa gia ya kwanza. Dereva anakanyaga breki muda mrefu, diski zinachemsha kaliperi, maji ndani ya mafuta yanageuka mvuke, na pedali inazama laini hadi sakafuni. Mvuke hubanwa; mafuta hayabanwi. Ndiyo sababu ratiba nyingi hudai mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi hata kama gari halikusogea, na ndicho kipengele kinachorukwa zaidi katika gereji zetu, ambako mafuta ya breki huongezwa tu yakipungua.

Maji ya rejeta nayo yana kalenda. Kulenti nyekundu ya zamani ya Toyota ilipewa miaka miwili hadi mitatu. Ile ya waridi, iliyoanza kuenea miaka ya 2000, huruhusiwa kilomita 160,000 au miaka 7 mara ya kwanza, kisha kila kilomita 80,000 au miaka 4. Watu husema huku hakuna barafu, kulenti ya nini? Lakini kazi ya kulenti katika nchi ya joto ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, ikisaidiana na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hubana mfumo kiasi kwamba hata maji matupu yangechemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Kifuniko kilichochoka mpira wake hukirudisha kiwango hicho chini, na ni kitu cha bei ndogo kinachoangaliwa mwisho, baada ya gasketi ya hedi kuungua. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo Dar es Salaam na Mombasa yamejaa tele, huanza kazi ya kutu siku ileile yanapomiminwa.

Kuhusu tairi msomaji ameshasikia mengi, basi neno moja tu. Zile tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri inaweza kuwa na umri wa mtoto anayekwenda sekondari. Na kwenye RAV4 inayoendesha magurudumu yote manne muda wote, kununua tairi mbili mpya za mbele na kuacha za nyuma zilizolika ni kosa jingine kabisa, kwa sababu tairi za vipimo tofauti huzunguka kwa kasi tofauti na kulazimisha kiunganishi cha kati, chenye majimaji mazito ndani yake, kifanye kazi hata kwenye lami iliyonyooka. Kitachoka mapema, na fundi atasikia mvumo kutoka katikati ya gari na kuanza kubadili beringi za magurudumu zisizo na hatia.

Hadi hapa ratiba imekuwa mwalimu mkali lakini mwenye haki. Iko sehemu ambayo ratiba yenyewe inanyamaza.

RAV4 nyingi za kizazi cha pili zilizotoka soko la ndani la Japani zina injini ya 1AZ-FSE, ile inayoitwa D-4. Kijiweni jina hilo hutamkwa kwa sauti ya mtu anayezungumzia ugonjwa. Wanunuzi huulizwa, “Ni D-4 au ya kawaida?” na jibu hubadilisha bei. Injini yenyewe si mbaya. Tofauti yake ni kwamba hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa kabla ya valvu. Katika injini ya kawaida petroli hupita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha kila wakati, bila mtu kuiagiza. Kwenye D-4 valvu hizo haziguswi na petroli kamwe. Zinapata hewa, mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kutoka ekzosi, na mchanganyiko huo hujenga masizi magumu mwaka baada ya mwaka, hadi njia ya hewa inakuwa nyembamba, gari linatetema likisimama kwenye taa, taa ya injini inawaka, na ulaji wa mafuta unapanda.

Tiba inajulikana: kufungua manifoldi na kutoa masizi kwa mkono. Lakini hakuna mahali kwenye ratiba ya kawaida palipoandikwa kwamba kazi hiyo ifanywe kwa kilomita kadhaa. Aliyeandika ratiba alikuwa akimwandikia mtu wa Nagoya ambaye atalitumia gari miaka saba au tisa, kisha akalikabidhi kwa muuzaji. Hakumwazia mkulima wa Njombe anayeanza nalo likiwa na miaka 14. Jedwali la kitabu lina ukurasa wa mwisho, na gari kuukuu huishi sehemu kubwa ya maisha yake nje ya ukurasa huo. Nje huko ndiko ziliko bushi za mikono, gasketi ya kifuniko cha valvu, mipira ya maji inayopasuka kwenye mikunjo, waya za umeme zilizokauka ganda, oili inayoliwa na kupeleka masizi kwenye masega ya ekzosi mpaka yazibe. Fundi huyatoa masega, gari likavuta, na kila mtu nyuma yake akavuta moshi.

Ratiba ya huko nje huandikwa na mafundi, kwa midomo. Ilala Shaurimoyo, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na Kisekka mjini Kampala ni maktaba za namna hiyo. Muuza spea aliyekaa kaunta miaka kumi anajua kitu gani cha RAV4 huulizwa zaidi na kwa umri gani wa gari, na maarifa hayo hayako Toyota. Udhaifu wake ni kwamba maktaba hiyo hukumbuka yaliyovunjika tu. Hakuna anayekwenda kaunta kuulizia kitu ambacho hakikuharibika kwa sababu kilihudumiwa mapema. Kwa hiyo hekima ya kijiwe huegemea upande wa msiba: inajua tiba kuliko tarehe, na baadhi ya mafundisho yake yametokana na kusoma msiba vibaya.

Mfano ni lile la boksi la otomatiki: “Oili ya boksi la zamani usiiguse, ukiigusa boksi linakufa.” Limetokea kweli. Gari limekaa miaka 15 bila kubadilishwa oili, boksi limeanza kuteleza, mwenyewe anakimbilia oili mpya kama dawa, na wiki mbili baadaye gia hazishiki. Lawama huangukia oili mpya, ilhali mgonjwa aliletwa akiwa mahututi. Kinachofaa ni kubadili boksi likiwa bado zima, na kwa oili yenyewe: boksi la RAV4 hiyo lilitengenezwa kwa Toyota Type T-IV. X-Trail ya kizazi cha pili, iliyotoka 2007, huwa na boksi la CVT linalotaka oili yake maalumu; kulimiminia oili ya otomatiki ya kawaida ni kulifungia safari ya kwenda kutafuta boksi la mtumba. Tena kufungua boliti ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwani iliyobaki imejificha kwenye konveta. Ndiyo maana mafundi makini hubadili kidogo kidogo, mara mbili au tatu, gari likitembezwa katikati.

Maboksi ya mtumba yapo. Yanatoka Japani, yanatoka Sharjah, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hununua spea zilizotumika kwa makontena. Yanakuja bila daftari, yakiwa yamefutwa oili na kupakwa rangi ya fedha, na kwa hilo mwenye gari anarudi mwanzo: anafunga ndani ya gari lake kitu kingine chenye maisha yasiyojulikana.

Kisha kuna fedha, ambayo vitabu vya matunzo havina safu yake. Kulipia kitu kilichovunjika ni rahisi kwa moyo: gari limelala, hakuna hoja. Kulipia kitu kizima kwa sababu tarehe imefika ni kazi ngumu, hasa Januari, mwezi wa ada na sare, ambapo kilomita hazijui kalenda ya shule. Fundi naye halipwi kwa msiba usiotokea. Akimwambia mteja abadili mkanda ambao haujakatika, hushukiwa kuwa ana njaa. Akinyamaza, mkanda utamletea kazi kubwa zaidi. Ni mfumo unaomlipa mtu mwaminifu kidogo na mtu mkimya sana, na ajabu ni kwamba mafundi waaminifu wamebaki wengi kiasi hiki.

Katika uhaba huo mwenye gari lazima achague, na kuchagua vizuri ndiyo matunzo yenyewe kwa nchi zetu. Plagi za iridiamu za muda mrefu, zinazopewa kilomita 100,000, zinaweza kusubiri mshahara ujao. Zikichoka gari litatetema na kumpa mwenyewe nafasi ya kujipanga. Filta ya hewa inaweza kukung'utwa mara moja, ingawa kuipuliza kwa kompresa kila mwezi huchana karatasi yake na kuruhusu vumbi la Shinyanga liingie hadi kwenye silinda. Shokapu hutesa mgongo muda mrefu kabla ya kuhatarisha roho. Mafuta ya breki, mkanda, kulenti na tairi za mbele hazina adabu ya kutoa taarifa. Anayeweka vipengele vyote kwenye foleni moja kwa mpangilio wa bei, cha bei nafuu kwanza, atajikuta amebadili vitambaa vya waipa na kuacha breki.

Mwanzo unaoshauriwa na mafundi makini kwa gari lililonunuliwa bila historia ni kulifanya lizaliwe upya kwa makusudi: oili ya injini, ya boksi na ya difu, mafuta ya breki, kulenti, filta zote, na mkanda kama upo, vyote ndani ya miezi michache ya kwanza, kisha daftari jipya lifunguliwe hapo. Ni gharama kubwa na haionekani. Gari linatoka gereji likiwa sawa na lilivyoingia, na majirani hawana cha kusifu. Lakini kuanzia siku hiyo kilomita, saa za foleni na miezi ya kalenda vina mahali pa kuhesabiwa.

Mwenye daftari la namna hiyo huuona ubaya wake siku ya kuuza. Mnunuzi analifungua, anaona pampu ya maji 2019, rejeta 2021, bushi mara tatu, kutoa masizi, shokapu za nyuma, na anahitimisha kwamba gari hili ni bovu. RAV4 ya mtaa wa pili, ya mwaka uleule na rangi ileile, haina hata risiti moja; mwenyewe anaapa kwamba haijawahi kumsumbua, yeye humwaga oili tu. Injini yake imeoshwa na kupakwa dawa ya kung'arisha. Dalali, anayelijua soko kuliko wote wawili, humshauri mwenye daftari aliache nyumbani, aseme gari halina shida, na apandishe bei kidogo ili kuwe na pa kushukia.